Mlima Unaotembea

Kigamboni, 3 Agosti 2024

Mwalimu Kristian, shikamoo.

Naanza kwa kuungama: simu yangu imekufa. Wiki ya kwanza tu niliiweka mfuko wa nyuma, nikasogelea maji nione vizuri, wimbi likaja likanifika kiunoni. Basi, kwisha habari yake. Kwa hiyo usimsikilize baba akisema nimekuwa mtu wa mjini sipokei simu. Mpaka nipate nyingine tutaandikiana, barua zije kwa basi, na najua umefurahi, maana siku zote unasema picha ya kwenye simu ni ya kuonjeshwa, si ya kula. Humu nimeweka picha kumi na mbili, zimesafishwa kwenye karatasi. Uzile, kisha uniambie.

Kazi yenyewe ni hii. Kambi iko ufukweni, kusini ya Kigamboni. Wageni na vijana wa hapa wanalala kifudifudi juu ya ubao, wanapiga maji kwa mikono mpaka mbali, wimbi likija wanasimama juu ya ubao wanateleza nalo. Wamesimama, Mwalimu! Hawajashika kitu! Mimi ndiye wa kuwapiga picha. Mwenye kambi, Dada Janeth, amenipa miezi mitatu ya majaribio. Mwisho wa Oktoba anataka picha moja, moja tu, ya kuweka ukutani pale getini, ambayo mpita njia akiiona asimame. Nikiipata, kazi ni yangu. Nisipoipata narudi Lushoto, na baba ameshasema jembe langu hajamgawia mtu.

Na hizo kumi na mbili ndizo nzuri. Usicheke. Watu wamekuwa wadogo kama sisimizi, au wamenipa kisogo, au ni povu tupu. Nimesimama kama ulivyonifundisha kwenye baiskeli za mbao zikishusha mizigo: chini ya mteremko, kwenye kona, namngoja mpanda aniletee uso wake mwenyewe. Basi huku nasimama pale wimbi linapoishia. Linapofika kwangu mtu ameshaanguka zamani.

Kwa hiyo nakuuliza jambo ambalo sijawahi kukuuliza. Ile picha ya baba iliyo ukutani studioni kwako, yuko hewani na baiskeli ya mbao, gunia la viazi mbele, uso umetulia kama wa mtu aliyekaa sebuleni, na vumbi unaweza kulihesabu chembe kwa chembe: uliipataje? Ulisimama wapi? Nimemsimulia Dada Janeth, akasema, "Hiyohiyo, lakini kwa maji." Na kile kivuli cheusi pembeni kushoto, kama kitu kimeinuka, ni nini? Nakitazama tangu nikiwa mdogo.

Mwanafunzi wako,
Zakia


Lushoto, 12 Agosti 2024

Zakia mwanangu, marahaba.

Bahasha yako imenuka samaki, paka amenifuata siku nzima. Nilidhani ni mapenzi.

Nimezila zote. Ya tisa inalika kidogo, hizo nyingine nimemwachia paka. Kosa lako ni moja tu, umelirudia mara kumi na mbili: unabonyeza baada ya jambo. Kila picha ni habari ya jana. Mtu hapigwi picha anapoanguka, wala anapokuwa amekwisha simama. Anapigwa pale anapoamua. Kwenye baiskeli ya mbao mpanda huitazama kona kabla mwili haujakata. Ukiona macho yamehama, bonyeza, usingoje gurudumu. Halafu mwachie nafasi mbele yake. Wewe umemwachia nafasi nyuma, kama vile anarudi nyumbani.

Sasa nijibu na mimi, maana nimezeeka sijawahi kuyaona hayo. Tanga nimefika mara nyingi, lakini bahari niliyoiona mimi ilikuwa imelala kama bwawa. Hilo wimbi ni mlima au ni mto? Mtu anateremka, sawa, lakini akiteremka anafika wapi? Chini kuna nini? Na kwa nini wimbi halimwachi nyuma? Nimemuuliza baba yako, akasema huo ni wazimu wa watu wasio na shamba. Sijaridhika. Jana nimekosea nikamkata mteja kichwa kwenye picha ya pasipoti kwa sababu nilikuwa nawaza mawimbi.

Kesho usibebe kamera. Kaa siku nzima na macho yako tu, uniletee majibu.

Picha ya baba yako ni ya zamani, Septemba 1998, kamera ya filamu, jua zuri. Ilikuwa bahati. Kivuli ni mti. Baba hajambo, bado anawasimulia wateja wa kabeji habari ya picha ile. Siku hizi gunia limekuwa magunia mawili.

Wako,
Mwalimu Kristian


Kigamboni, 22 Agosti 2024

Mwalimu, shikamoo. Na paka wako hajambo?

Nimekaa bila kamera siku nzima. Dada Janeth alinipita mara tatu akiniangalia kama mfanyakazi aliyegoma. Lakini majibu nimeyapata, tena nimeyapata nikapiga kelele peke yangu.

Ni mlima, Mwalimu, ila ni mlima unaotembea! Kwetu mlima umekaa, mtu ndiye anayeteremka. Huku mtu anateremka, na mlima nao unakuja nyuma yake, unamnyanyua tena, kwa hiyo chini hafiki. Anateremka, anateremka, na bado yuko juu. Ndiyo maana nilikuwa nakosa. Nilikwenda kuisubiri kona kana kwamba imechongwa na halmashauri, kumbe kona inatembea na mtu mwenyewe! Hilo ni kosa la Msambaa mtupu. Mtu wa Kigamboni asingelifanya.

Na mawimbi hayaji ovyo. Yanakuja kwa makundi, makubwa matano au sita, kisha bahari inapumzika. Ukijua hilo unakuwa na muda wa kufuta lenzi. Halafu yupo binti wa hapahapa, anaitwa Tatu, ana miaka kumi na tisa, ndiye anayefundisha wageni. Kabla hajakata, bega lake la kushoto linashuka kidogo na macho yanakwenda kule anakotaka. Kila mara! Nilimwambia, akashangaa, yeye mwenyewe alikuwa hajui.

Basi nimehama pale mwisho wa wimbi. Nimepanda mwamba wa pembeni, natazama wimbi kwa ubavu, nimepiga goti, kamera nimeiweka kwenye kasi yake kubwa kabisa. Bega likishuka, nabonyeza. Humu mna picha sita. Matone yamesimama hewani, Mwalimu, yaone!

Ila Dada Janeth amezitazama akasema, "Nzuri. Lakini ziko mbali. Hiyo ya baba yako ulisema mtu anaweza kumgusa." Ni kweli. Ile ya baba ukiitazama unahisi vumbi kooni. Ili nimfikie Tatu vile, mwambani haitoshi. Kuna kasha la plastiki la kuvalisha kamera. Nitaingia nalo. Maji ya kiunoni tu. Baba usimwambie.

Zakia


Lushoto, 30 Agosti 2024

Zakia mwanangu, marahaba.

Ya pili na ya tano nimezibandika kwenye kioo cha studio. Mama mmoja aliyeleta mtoto kupigwa picha ya shule aliitazama ya tano, akauliza kama huyo binti hana wazazi wa kumkataza. Nimefurahi sana. Nimeelewa mlima unaotembea, nimekwenda mpaka Irente nikasimama pale juu, nikajaribu kuwaza bonde lote lile linasogea. Nilipata kizunguzungu, nikarudi.

Sasa tuzungumze hicho kiuno. Wewe umezaliwa Lushoto, umekulia Lushoto. Kuogelea umejifunza wapi? Kwenye ndoo? Wimbi lililokufika kiunoni likaua simu lilikuwa limeishiwa nguvu, hilo umesema wewe mwenyewe. Kule wanakosimama hao watu ni kwingine.

Nakuomba jambo moja. Usijipime na picha ya baba yako. Iache. Ile si picha ya kupimia mtu. Zako za mwambani zinatosha, na Oktoba bado iko mbali.

Mwalimu Kristian


Kigamboni, 10 Septemba 2024

Mwalimu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara nne. Kama unaona sitaiweza picha kama ile, sema hivyo, usinizungushe. Miaka mitatu umenikalisha chini ya picha ile unanifundisha. Kila nilipokosea uliinua macho ukutani, ukanyamaza. Leo nimefika mahali pa kuijaribu, unaniambia niiache?

Nimeshajaribu kiunoni, hakuna kitu, napata miguu ya watu. Inabidi kufika kule mawimbi yanakovunjikia. Jumamosi hii naingia asubuhi na Tatu. Nitakutumia itakayotoka, utaitundika au hutaitundika, shauri yako.

Zakia


Lushoto, Alhamisi, 12 Septemba 2024

Zakia,

Barua yako imefika leo saa sita. Baba yako hana namba ya kambi, mimi sina, na wewe huna simu. Hii nampa dereva wa basi la kesho asubuhi mkononi mwake, nimemwapisha. Naomba Mungu ikufikie kabla hujaingia.

Baba yako hakuwa hewani.

Baiskeli ilikuwa juu ya mawe mawili, nikayaficha kwa majani. Gunia halikuwa la viazi, lilikuwa la pumba, kwa sababu lile la viazi liliiangusha baiskeli mara tatu. Ulisema uso wake umetulia kama wa mtu aliyekaa sebuleni. Ulikuwa umetulia, mwanangu, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ametulia. Na vumbi lilirushwa.

Kamera yangu ya wakati ule ilikuwa nzito kufumba jicho lake. Filamu mbili nzima niliwapiga wapanda baiskeli wa kweli kwenye mteremko wa Irente, nikazipeleka Tanga kusafishwa, zikarudi moshi mtupu. Kulikuwa na mashindano ya picha ya mkoa na mimi nilikuwa kijana mwenye studio isiyo na wateja. Picha ikashinda. Watu wakaanza kuja kuiona, wakija wanapiga na zao. Nikasema nitaungama mwezi ujao. Miezi ikawa miaka ishirini na sita.

Ulichojifunza kwangu juu ya macho, bega na kona ni kweli tupu. Nilikitafuta baadaye, miaka mingi, kwa sababu nilitaka siku moja niipige ya kweli niishushe ile ya uongo. Sikuipata. Nilipokuwa nainua macho ukutani nikanyamaza, sikuwa nakudharau. Nilikuwa naona haya.

Usiingie majini kwa ajili ya mawe mawili na gunia la pumba. Nakusihi.

Kristian


Lushoto, siku hiyohiyo

Zakia,

Ni mimi baba yako. Mwalimu kanisomea barua yake kabla hajaifunga, tumegombana, nimemwambia aniachie karatasi. Mimi si mtu wa kalamu, utavumilia.

Kwanza, toka majini. Sisi si samaki.

Pili, baiskeli nilikuwa naipanda kweli, waulize watu wa Irente. Miaka sita nimeshusha viazi na kuni, nimeanguka mara mbili tu, tena moja nilikwepa mbuzi. Picha ni ya uongo, mpanda si wa uongo. Hilo uliandike hata wewe mahali.

Tatu, Mwalimu kaandika vumbi lilirushwa. Hakuandika na nani, kaniachia mimi, na ni haki. Alirusha mama yako. Tulikuwa tumeoana mwaka mmoja. Alituletea chai pale barabarani, akatukuta mimi nimekaa juu ya mawe nimekaza macho, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema, nyie wanaume, baiskeli gani inakimbia kiangazi bila vumbi? Akavua kandambili, akachukua beleshi la watu wa barabara. Alirusha mara saba. Mara ya saba ndiyo hiyo. Kile kivuli si mti, Zakia. Ni Mwanahawa, ameinua beleshi.

Nilitaka kukuambia siku nyingi. Lakini ningekuambiaje kivuli ni cha mama yako bila kukuambia kuwa mimi sikuwa hewani? Ulikuwa na miaka minne alipotutoka. Ulikuwa unawaleta wenzako studio, unawaonyesha baba anaruka. Nikakosa pa kuanzia. Kila mwaka nikakosa zaidi. Nisamehe, mama.

Mapeasi yamekomaa, nitakutumia boksi.

Baba yako,
Hamza


Kigamboni, 17 Septemba 2024

Shikamooni, nyote wawili. Barua hii msome pamoja, msigombane.

Barua zenu zilifika Jumamosi saa nane mchana. Mimi niliingia saa moja asubuhi.

Mwalimu, uliniuliza nimejifunza kuogelea wapi, nikajifanya sijaliona swali. Sijui kuogelea. Haya, nimesema. Tatu alinivalisha jaketi la kuelea, akanipa ubao mfupi wa kukumbatia, akaniambia nisiuachie hata iweje. Mawimbi matatu nilikaa vizuri, yakaninyanyua yakanishusha, nikaona ule mlima unavyokuja, Mwalimu, una sauti, kwanza unavuta maji miguuni kama mtu anayekunja mkeka. Nikasema la nne ndilo. Tatu alikuwa juu yake, bega likashuka, nikauachia ubao ili nishike kamera kwa mikono miwili.

Sitawasimulia yote. Baba hatalala. Nilikunywa bahari, sikujua juu wapi, na kidole kilikuwa kimeganda kwenye kamera kinabonyeza tu. Kisha nikashikwa kola nikavutwa.

Kati ya picha arobaini, thelathini na tisa ni giza na mapovu. Iliyobaki ni hii. Bahari imelala upande kama paa. Ubao wa Tatu unaruka peke yake kule nyuma, ameutupa. Mdomo uko wazi, anaita jina langu, na mkono wake umenyooka kuja kwangu, vidole vikubwa kama ndizi, vimetoka ukungu kwa mwendo. Dada Janeth ameitazama muda mrefu. Akasema, "Hii nikiiweka getini wageni watakimbia." Akaondoka nayo. Baadaye nikaiona ameitundika ofisini kwake, na kila anayeingia anasimama. Ya getini amechagua ile ya tano ya mwambani, iliyo kwenye kioo chako. Kazi amenipa, lakini mkataba ameufungia kabatini mpaka siku nitakayoogelea hadi kwenye boya na kurudi. Tatu ananifundisha kila asubuhi. Anasema napiga maji kama ninapalilia.

Sasa lenu. Nilikaa mchangani nikasoma. Nilicheka kwa gunia la pumba, nikafika kwa mama nikalia, nikarudia "nilikwepa mbuzi" nikacheka tena, watu wakaniangalia. Baba, mimi nilikuwa nakupenda hata kama ungekuwa umekaa juu ya kigoda. Ungeniambia tu.

Mwalimu, mawe nimekusamehe. Mti bado. Nilikuwa nakaa chini ya kivuli kile, miaka mitatu, nakiuliza moyoni ni nini, na wewe uko hapo unajua. Mama nina picha yake moja, ile ndogo ya pasipoti, amekaza uso kama anagombezwa. Hata akicheka alikuwaje sijui.

Nitumie ile kona ya kivuli. Ikuze iwezavyo kukua.

Zakia


Lushoto, 29 Septemba 2024

Zakia mwanangu, marahaba.

Hongea kwa kutoka hai, na mwambie Tatu hongea mara mia, yeye atauliza maana yake, umwambie ni pongezi na asante ya Kisambaa.

Sikustahili kusamehewa mawe, na kuhusu mti una haki. Nilisema mti ulipokuwa na miaka sita, wewe huenda umesahau, ukaniuliza mti gani, nikakupa peremende. Hilo nalikumbuka.

Nilishusha picha ukutani nikuze ile kona. Nikaona kwanza nitafute filamu yenyewe, iko kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda changu. Nikaishika dirishani. Zakia, nilikuwa nimesahau, au nilijisahaulisha. Mwaka ule, kule Tanga, nilimwambia msafishaji akate upande wa kushoto. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia kata, usiache kitu. Alikata vizuri, kivuli tu ndicho kilichomponyoka. Mwenye kivuli nilimkata mimi, kwa sababu alikuwa ameshika beleshi na angenifichua.

Nimeshuka Tanga mwenyewe, nimesimama pale mpaka wakaisafisha nzima.

Yupo, mwanangu. Yuko pekupeku, kanga ameifunga kiunoni, ameinua beleshi, anacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana. Baba yako amekaa juu ya mawe kama sanamu ya ofisi ya mkoa. Mama yako ndiye pekee anayekwenda. Uso wake umetoka safi, ila mkono na beleshi ni moshi, maana kamera yangu haikumuweza. Miaka ishirini na sita nimetafuta picha ya mtu anayekwenda, na nilikuwa nayo ndani ya kopo.

Nilimwita baba yako aje aione. Hakukaa. Aliitazama, akasema, "Ile chai ilipoa, tukainywa hivyohivyo." Akatoka nje, akasimama barabarani kidogo, akarudi kuitazama tena. Nimeitundika palepale ilipokuwa ile nyingine. Leo asubuhi nimemsikia anamwambia mteja wa kabeji, "Siyo mimi, mtazame huyo wa kushoto."

Nakala yako nimeiweka kati ya karatasi mbili ngumu, pamoja na mapeasi. Ukiifungua, kaa mbali na maji.

Mwalimu wako,
Kristian